Nyumba mpya, macho yanawasha usiku: ni rangi, makabati au kuna kingine?

Mjengo wa Madale (#1)
Wakuu habari za jioni, naenda moja kwa moja kwenye mada.

Nimehamia kwangu Madale juzi juzi tu. Nje bado kuna kazi, ila ndani pamekamilika: dari la jipsamu, skimu, rangi, vigae, madirisha ya aluminiamu, makabati ya jikoni na ya vyumbani yote mapya. Tatizo ni hewa ya mle ndani. Ukiamka asubuhi macho yanawasha kama uliyekesha unamenya vitunguu, koo limekauka, kichwa kizito. Mtoto mdogo anakohoa usiku kucha, lakini mchana akiwa kwa bibi yake Mbezi hana hata chafya. Tulienda Tanga kwenye msiba, familia nzima tukawa wazima. Tumerudi, usiku wa kwanza tu mambo yale yale.

Mama watoto anasema kiwanja kilikuwa na mbuyu, tuite shehe asome dua. Mimi nasema rangi. Fundi rangi naye ameapa kwamba rangi ya siku hizi ni ya maji, haidhuru mtu. Waliopitia hii hali naombeni mwongozo.

Kiroboto Sugu (#2)
Mbuyu ulikatwa bila wenyewe kuombwa, sasa wanadai kodi ya pango. Nimevuta kiti, nasoma.

Mkemia Mtaani (#3)
Mkuu, ulichokisema kuhusu Tanga ndicho kinachonipa picha. Ukitoka unapona, ukirudi unaumwa: ugonjwa uko ndani ya nyumba. Ila mimi siendi kwenye rangi, naenda kwenye makabati.

Hizo mbao za MDF si mbao kama mbao. Ni unga wa miti ulioshindiliwa kwa gundi, na gundi inayotumika sana ni ya urea na fomaldehaidi. Fomaldehaidi ni gesi. Inabaki kwenye bodi na kutoka kidogo kidogo, miezi hadi miaka, wakati rangi ya maji mvuke wake mwingi unakwisha mapema. Joto likipanda inatoka kwa wingi, unyevu ukipanda inatoka zaidi, kwa sababu maji yanaivunja ile gundi. Sasa vuta picha Dar ya mwezi wa pili, nyumba imefungwa, makabati mapya vyumba vyote. Dalili zake za kwanza ndizo hizo zako: macho, pua, koo.

WHO walitoa mwongozo wa hewa ya ndani mwaka 2010: fomaldehaidi isizidi miligramu 0.1 kwa mita moja ya ujazo, wastani wa nusu saa. Kitengo chao cha utafiti wa kansa, IARC, kiliiweka kwenye kundi la kwanza mwaka 2004, yaani vitu vilivyothibitika kuleta kansa kwa binadamu. Fungua kabati moja asubuhi kabla hujafungua dirisha, ingiza kichwa, vuta pumzi. Utajua tu.

Fundi Kabati Tegeta (#4)
Mkemia unatuharibia biashara bila kumwona mgonjwa. Hizo bodi nazikata tangu nikiwa kijana, vumbi lake ndilo chai yangu, na niko hai, nina watoto watano na wote wazima.

Mjengo, angalia vanishi na tina kwanza. Milango ya mbao ngumu imepigwa vanishi, mageti na nondo za madirisha zimepigwa rangi ya mafuta, na mafundi wengi wanazidisha tina ili rangi ienee. Hapo ndipo kichwa kinapouma. Na kama ni kabati, muulize fundi wako alinunua bodi gani. Zipo zenye alama ya E1, zinatoa hiyo gesi kidogo. Ila mteja akija na bei ya kununulia kitanda cha kamba anataka jiko la kwenye magazeti, unategemea nini?

Mkemia Mtaani (#5)
Fundi Kabati ameandika: "niko hai"

Kuwa hai si kipimo, fundi. Ushahidi wa kansa ulitoka kwa watu kama wewe hasa: wafanyakazi wa viwanda vya hizo gundi na wanaohifadhi maiti. Kansa ya nyuma ya pua, baadaye na ya damu. Formalini ya mochwari ni fomaldehaidi iliyoyeyushwa kwenye maji, kitu kile kile. Vaa barakoa, si ile ya kitambaa.

Kwenye tina nakubaliana nawe. Mara nyingi ina toluini, inapanda kichwani haraka sana. Lakini tina ikishakauka na dirisha likiwa wazi inaondoka. Jamaa ana tatizo lisiloondoka.

Kiroboto Sugu (#6)
Kwa hiyo Mjengo amejenga mochwari ya vyumba vitatu na sebule. Mbuyu umepata mshindani.

Nesi wa Zamu (#7)
Habari wote. Kabla hamjafika mbali kwenye makabati, naomba Mjengo anijibu haya: mnapikia nini, wapi? Mna jenereta? Usiku mnalala na nini kinachowaka?

Nauliza kwa sababu kichwa kizito asubuhi kinachoisha ukitoka nje kinanifanya nifikirie kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Inaingia kwenye damu na kung'ang'ania hemoglobini zaidi ya mara mia mbili kuliko oksijeni, mtu anaanza na kichwa, kichefuchefu, anadhani malaria, anameza dawa, analala tena mle mle. Nimewahi kupokea familia msimu wa baridi, walikuwa Njombe, waliingiza jiko la mkaa chumbani wapate joto. Makaa yalikuwa yameshakuwa mekundu, moshi hamna, wakaona ni salama. Baba na watoto tuliwawahi. Mama hakuamka.

Moshi ukiisha ndipo watu wanapojisahau. Mkaa usio na moshi ndio unaoua.

Mjengo wa Madale (#8)
Asanteni wakuu, nimesoma zote.

Nesi, tunapikia gesi, mtungi uko nje. Maharage na makande yanapikwa kwa mkaa kibaraza cha nyuma, sasa nikifikiria vizuri dirisha la chumba cha watoto linaangalia pale pale. Jenereta dogo lipo korido ya nyuma, linawaka umeme ukikatika na linazimwa kabla hatujalala. Usiku tunawasha dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya mviringo, moja chumbani kwetu, moja kwa watoto. Madale mbu wanambeba mtu.

Mkemia, nimefanya ulivyosema. Nimefungua kabati la chumba cha watoto, nikaingiza kichwa. Machozi yalinitoka hapo hapo. Nimeangalia ndani: mbele kumebandikwa lile gamba jeupe la kung'aa, lakini mgongo wake na kingo za rafu ziko tupu, unaona ule unga wa mbao wenyewe, ukipitisha kidole unabaki na vumbi la kahawia.

Fundi Kabati Tegeta (#9)
Huyo si fundi, huyo ni kibarua. Kingo zote zinatakiwa kubandikwa ukanda, hata zisizoonekana. Hapo namtetea Mkemia ingawa sipendi. Bodi iliyofunikwa pande zote na kingo zake inatoa kidogo, bodi tupu inatoa kila mahali. Hata tundu la bawaba ni mlango.

Unaweza kupaka kingo na migongo sila au vanishi nzito mikono miwili. Ila fanya mchana, watoto wakiwa kwa bibi.

Nahodha Mstaafu (#10)
Mnahangaika na makabati na kesi imeshafungwa kwenye #8. DAWA YA MBU. Kulikuwa na utafiti wa 2003, koili moja ikiteketea inatoa moshi sawa na sigara 75 hadi 137. Watoto wanawashiwa pakiti kadhaa za sigara kila usiku na mlango umefungwa, halafu mnauliza kwa nini wanakohoa!

Mama Pacha (#11)
Nahodha, maliza na upande wa pili wa habari. Zile namba ni za chembe laini za moshi, zile zinazoingia hadi ndani kabisa ya mapafu, si za kila kitu. Kwa fomaldehaidi ilionekana koili moja inaweza kufikia sigara 51. Na koili walizopima zilikuwa za China na Malaysia, hazikuwa za kila kiwanda duniani. Hata hivyo ni nyingi, sikatai.

Lakini ona hapo: fomaldehaidi inatoka kwenye kabati NA kwenye koili. Utajuaje ipi ni ipi? Na tusiwatishe watu waache kujikinga halafu wakapata malaria. Mjengo, chandarua chenye dawa kinatosha kitandani, na weka nyavu madirishani. Koili iwashwe kibarazani mnapopiga soga, si chumbani mlango umefungwa.

Ndugu wa Columbus (#12)
Salamu kutoka Ohio. Huku nyumba zinafungwa miezi mitano kwa ajili ya baridi, na zulia, kochi, kabati vyote ni gundi. Kuna kisa maarufu cha hii fomaldehaidi. Baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005, serikali ya Marekani iliwapa waliokosa makazi matrela ya kuishi. Watu wakaanza kulalamika: macho, pua kutoka damu, watoto kukohoa. Ilichukua muda mrefu mpaka wakapimiwa. CDC, taasisi ya afya ya serikali yao, walipima matrela 519, matokeo yakatolewa 2008, wastani ulikuwa sehemu 77 kwa bilioni, wakati nyumba ya kawaida hapa huwa kwenye 10 hadi 20 hivi. Yalikuwa madogo, yamezibwa kila upande, kuta na makabati ni zile bodi bodi.

Na king'ora cha monoksaidi huku kinawekwa kwenye nyumba nyingi. Kidude kidogo ukutani, kinalia. Sijui kwa nini nyumbani hatuviingizi kwa wingi kama tunavyoingiza taa za rangi rangi.

Mkemia Mtaani (#13)
Columbus umeleta kitu. Ongezea tu kwamba walipima Desemba na Januari, kwenye baridi. Na baridi inapunguza hiyo gesi. Watu waliishi mle kiangazi cha Louisiana, jimbo la joto lililopigwa na Katrina. Na ile 77 ya baridi tayari iko karibu kabisa na mpaka wa WHO, maana 0.1 ya miligramu ni kama sehemu 80 kwa bilioni.

Mchora Ramani (#14)
Naona kila mtu ameshika kemikali yake. Mimi nashika nyumba.

Nendeni nyumba yoyote ya zamani, za shirika la reli, za walimu, za mkoloni, hata za Kiswahili za Magomeni. Juu ya kila dirisha kuna matofali ya matundu. Madirisha ni ya luva au nyavu na mbao, hayafungi kabisa hata ukitaka. Dari liko juu, na kati ya ukuta na bati kuna upenyo, hewa ya moto inapanda inatoka. Watu walipikia kuni, walifukiza, walipaka chokaa, na hewa ikapita.

Sisi tulifanya nini? Tuliziba matundu kwa sababu ya vumbi na mbu. Tukaleta dirisha la kusukuma la aluminiamu ambalo hata likiwa wazi kabisa ni nusu ya dirisha. Tukafunga dari la jipsamu bila tundu. Halafu tukafunga AC, na wengi wanadhani AC inaleta hewa mpya. Haileti! Ile ya ukutani inazungusha hewa ile ile ya chumbani, inaipoza na kuirudisha. Mkilala wanne na kabati na koili mle ndani, mnapumua mlichokitoa tangu saa nne usiku.

Wazungu walipita njia hii baada ya mafuta kupanda bei mwaka 1973. Walipunguza hewa inayoingia maofisini ili kuokoa nishati, watu wakaanza kuumwa vichwa kazini na kupona wakifika nyumbani. Tuna bahati ya kuwa na joto la kutulazimisha tufungue madirisha, na bado tunayafunga.

Kwa hiyo swali la rangi au kabati kwangu ni la pili. Chochote kilichomo hakitoki, hilo ndilo tatizo.

Kiroboto Sugu (#15)
Madale ukilala dirisha wazi asubuhi unaamka huna televisheni. Andika na hilo kwenye ramani.

Mchora Ramani (#16)
Kiroboto, ndiyo maana matundu yaliwekwa JUU. Mwizi gani anapita kwenye tofali?

Binti Pemba (#17)
Asalaam alaykum. Mmenigusa kwenye kufukiza. Kwetu chetezo hakikosi siku ya Ijumaa, udi kwenye nguo, udi kwenye nywele, mgeni akija udi. Mama yangu ana pumu na ndiye anayefukiza kuliko wote, ukimwambia anakujibu udi ni dawa. Je udi nao umo kwenye hizo kemikali zenu? Au ni vile vya kizungu tu?

Mkaazi wa Muscat (#18)
Wa alaykum salaam Binti Pemba. Umo, dada yangu. Huku Oman bakhuri ndiyo salamu ya nyumba, na nyumba zimefungwa mwaka mzima kwa ajili ya AC. Chetezo kina mambo mawili: lile kaa lenyewe, linatoa monoksaidi aliyoisema Nesi, na moshi wa udi, wenye chembe laini na fomaldehaidi kidogo. Kuna makaa ya kununua yanayowaka kwa kiberiti mara moja, ukiyawasha unasikia yanavyochachatika na moshi mkali wa baruti mwanzoni. Yale usiyapeleke chumbani, yawashe nje mpaka yatulie.

Sisi tumehamia chetezo cha umeme. Harufu inatoka, kaa hakuna. Wazee wanalalamika si udi wa kweli.

Binti Pemba (#19)
Ahsante. Mama ameshakataa kabla sijamaliza kumsomea.

Nesi wa Zamu (#20)
Mjengo, swali lingine. Kwenye hilo kabati la watoto mmeweka naftalini? Vile vidonge vyeupe vya kuzuia mende na nondo wa nguo?

Mjengo wa Madale (#21)
Nesi umekuwa mpiga ramli sasa. Vipo, mama watoto ameweka kila droo, na kwenye nguo za mtoto mchanga alizopewa zawadi. Vingi tu.

Nesi wa Zamu (#22)
Viondoeni leo. Naftalini inageuka mvuke yenyewe bila kuyeyuka, ndiyo maana kidonge kinapungua mpaka kinakwisha. Nguo inaunyonya, mtoto anavalishwa anauvuta na unapita hata kwenye ngozi. Kwenye ukanda wetu huu wa malaria watu wengi wana upungufu wa kurithi wa kimeng'enya kinaitwa G6PD, na wengi hawajijui, hasa wavulana. Mtoto mwenye huo upungufu akikutana na naftalini chembe nyekundu za damu zinapasuka, anakuwa wa manjano, mkojo unakuwa mweusi. Wodi za watoto wachanga tunawauliza akina mama nguo zilihifadhiwa wapi.

Zifueni, zianikwe juani kabla ya kuvaa. Na mtoto akionekana macho ya manjano, hospitali, si jamvini.

Fundi Kabati Tegeta (#23)
Kumbe! Kabati langu lilisingiziwa.

Mkemia Mtaani (#24)
Halijasingiziwa, limepata mwenzake. Naftalini hata mimi nailaumu, lakini mgongo mtupu wa MDF uko pale pale.

Bustani ya Nyumbani (#25)
Wapendwa, suluhisho ni mimea ya ndani! NASA walithibitisha mwaka 1989 kwamba mimea inasafisha fomaldehaidi na benzini. Yale majani marefu yanayosimama wima yenye kingo za njano ni bora kabisa. Nauza kwa chungu chake, nafikisha Dar yote.

Mama Pacha (#26)
Bustani, ule utafiti ulifanywa kwenye vyumba vidogo vilivyozibwa, si kwenye nyumba ya mtu. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walipitia majaribio mengi ya aina hiyo wakapiga hesabu: ili mimea ishindane na hewa inayopita yenyewe kwenye jengo, unahitaji kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita ya mraba. Mjengo atalala juu ya mti.

Mimea ni mizuri, nunueni kwa uzuri wake.

Kiroboto Sugu (#27)
Angebaki na mbuyu wake tu ungemsafishia.

Bustani ya Nyumbani (#28)
Sawa, ila bei yangu bado ni nzuri.

Kijana wa Vifaa (#29)
Mjengo, kuna vipimo vidogo vinauzwa mtandaoni, vinaonyesha namba ya fomaldehaidi na mivuke mingine kwenye kioo. Niliagiza kimoja. Sebuleni kilikuwa kinasoma chini, nikakipeleka ndani ya kabati jipya la viatu kikapanda na kuwa chekundu. Anza na hicho kuliko kubishana.

Mkemia Mtaani (#30)
Kijana, menya chungwa karibu nacho uone. Au jipulizie manukato. Vingi vya bei rahisi vinaona mvuke wowote na kuuita fomaldehaidi. Vinakusaidia kujua chumba kipi ni kibaya kuliko kingine, lakini ile namba usiipeleke mahakamani.

Kijana wa Vifaa (#31)
Nimemenya. Kimepiga kelele hadi jirani ameuliza. 😂

Mwana wa Sumbawanga (#32)
Naomba kutoka kidogo kwenye mada, ila ni ile ile. Ninyi wa mjini mna makabati, sisi tuna magunia. Baada ya mavuno watu wanaweka mahindi chumbani wanakolala, wanaogopa wezi, halafu wanatumbukiza vile vidonge vya kufukizia nafaka. Vidonge hivyo ni alumini fosfaidi. Vikikutana na unyevu wa hewa vinatoa fosfini, gesi inayoua kila chenye pumzi, mdudu na mtu. Kazi yake ni kwenye ghala lililofungwa na watu wametoka, siyo chini ya kitanda.

Inanuka kitunguu saumu au samaki aliyeoza, ila unaweza usiisikie harufu na bado ikakudhuru. Hakuna dawa ya kuiondoa mwilini, hospitali wanakusaidia kupumua na kusukuma damu tu. Kijijini kwetu nyumba moja ilipoteza watoto wawili, watu wakasema wamelogwa na jirani. Yule jirani alihama.

Nesi wa Zamu (#33)
Mwana wa Sumbawanga umesema la maana kuliko sote. Siku hizi kuna mjini wanaoviweka kwa ajili ya kunguni. Mtu anaviweka chumba kimoja cha nyumba ya wapangaji, gesi inapita darini kwenda cha jirani. Wanaosoma hapa wasijaribu. Kuna mifuko ya kuhifadhia nafaka isiyopitisha hewa, wadudu wanakufa kwa kukosa oksijeni, haihitaji kidonge chochote.

Wa Kayole (#34)
Wazee habari, mimi ni wa Nairobi. Nimesoma hadi hapa nikaona mnazungumza kuhusu nyumba kubwa kubwa. Huku kwetu ni chumba kimoja cha mabati, jiko la makaa ndilo jikoni ndilo hita, na stima ikipotea ni koroboi ya mafuta taa. Mtoto wangu mkubwa ana kikohozi kisichoisha tangu tuhamie. Hapo hakuna kabati la kulaumu. WHO wanasema watu milioni 3.2 walikufa mwaka 2020 kwa moshi wa majumbani. Hao si wa MDF, ni wa makaa na kuni.

Kwa hivyo mkijadili fomaldehaidi mkumbuke pia sisi tunaotaka tu dirisha.

Mchora Ramani (#35)
Wa Kayole, hapo umenipiga bao. Bomba dogo la bati kupitia paa juu ya jiko linasaidia, na jiko likishapika litoke nje. Najua kutoa jiko nje nako ni kuibiwa jiko.

Nahodha Mstaafu (#36)
Huku kwetu Tanzania serikali ilishapiga marufuku mkaa na kuni kwa taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 tangu Januari 2024, na mkakati unasema asilimia 80 wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Gesi imekuja, moshi kwisha habari.

Mkemia Mtaani (#37)
Ni nafuu kubwa kuliko mkaa, Nahodha, sibishi. Ila gesi nayo ikiwaka inatoa nitrojeni dayoksaidi, inasumbua wenye pumu. Jiko la gesi halimaanishi uzibe dirisha la jikoni. Mwali ukiwa wa njano badala ya bluu, ita fundi, hapo monoksaidi inatengenezwa.

Mama Pacha (#38)
Na jamani wakati wa kusafisha hiyo nyumba mpya msichanganye jiki na dawa ya choo yenye asidi. Inatoka klorini. Dada wa kazi wa jirani yangu alifanya hivyo chooni mlango umefungwa ili "iue vijidudu vizuri", tulimtoa anakohoa mpaka hawezi kusimama.

Mjengo wa Madale (#39)
Wakuu nimerudi na mrejesho.

Naftalini zimetupwa. Makabati mawili ya watoto nimeyatoa kibarazani, milango wazi, fundi mwingine ameyabandika ukanda na kupaka migongo. Koili tumeacha, tumefunga nyavu na chandarua. Mkaa umehamia upande wa pili wa uwanja. Jenereta limetoka korido. Madirisha ya mbele na nyuma yanafunguliwa alfajiri hewa ipite. Na mama watoto alimleta shehe, akasoma, tukala pilau.

Mtoto hakohoi tena. Macho yangu bado yanawasha kidogo asubuhi, siyo kama mwanzo. Pia mvua zimeanza na joto limeshuka.

Nahodha Mstaafu (#40)
Koili. Nilisema.

Mkemia Mtaani (#41)
Joto limeshuka na kingo zimezibwa, halafu unasema koili? Na macho yanayobaki ni ya makabati ya jikoni ambayo hajayagusa.

Nesi wa Zamu (#42)
Mtoto hakohoi tangu dirisha lake liache kupokea moshi wa maharage. Mimi nabaki hapo.

Kiroboto Sugu (#43)
Pilau la shehe halijatajwa na yeyote. Watu hamna shukrani.

Sauti ya Kigamboni (#44)
Nimechelewa. Hakuna aliyeuliza kuhusu ukungu. Nyumba mpya, jipsamu mbichi, mvua zimeanza: kama bomba linavuja juu ya dari utaona madoa ya kijivu karibu na AC. Macho na kikohozi vinaweza kutoka hapo pia. Na rangi ya maji ambayo fundi aliapa nayo ina dawa za kuzuia isioze koponi, kuna watu zinawawasha macho na ngozi hata rangi ikishakauka. Kwa hiyo fundi rangi msimwachie haraka.

Mjengo wa Madale (#45)
Aisee. Napanda darini kesho na tochi.

Fundi Kabati Tegeta (#46)
Ukishuka nipigie kuhusu ya jikoni. Nakufanyia bei ya jamvini, bodi E1, kingo zote ukanda, na mgongo nafunika.

Wa Kayole (#47)
Mchora Ramani, hayo matofali ya matundu Dar mnauziwa pesa ngapi moja? Kuna landlord hapa nataka kumshawishi.

Mchora Ramani (#48)
Usinunue, mkuu. Tafuta fundi mwenye kalibu, saruji na mchanga, anafyatua pale pale uwanjani. Mwambie landlord mawili kila chumba, juu ya mlango na ukuta wa mkabala, yasiwe ukuta mmoja.